Namna ya Kupanga Matembezi ya Ziwani na Katika Hifadhi za Ardhioevu

Anayepanga kwenda ziwani au katika hifadhi ya ardhioevu hana budi kuanza na swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kufika: wakati huo maji yatakuwa wapi? Ziwa lenye kina kifupi huweza kusogeza ufuko wake mbali sana kati ya msimu mmoja na mwingine, na ufuko ukisogea, ndege, njia na gati navyo havibaki pale vilipokuwa. Kwa hiyo tarehe ya safari ipangwe kwa kufuata maji, hata kama likizo italazimika kusogezwa.

Kalenda ya mvua peke yake haitoshi kulijibu swali hilo. Delta ya Okavango nchini Botswana hufurika wakati wa kiangazi, kwa sababu maji yake mengi hutokana na mvua zinazonyesha katika nyanda za juu za Angola, nayo huchukua miezi kadhaa kufika. Ziwa Nakuru nchini Kenya linatoa funzo la namna nyingine. Kwa miaka mingi lilisifika kwa makundi makubwa ya heroe, lakini katika miaka ya 2010 maji yake yalipanda, magadi yakazimuka, mwani ambao ndege hao huutegemea ukapungua, na wengi wao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Wakati huohuo sehemu za barabara na majengo ya hifadhi zikaingia majini. Mgeni aliyekwenda kwa kutegemea picha za zamani alikuta mandhari nzuri, ila siyo aliyoifuata. Ni vyema basi kuwasiliana na ofisi ya hifadhi siku chache kabla ya safari na kuuliza kina cha maji kikoje kwa sasa, njia zipi zinapitika, na ndege gani wanaonekana. Kwa wanaofuata ndege wahamaji, wale wanaozaliana Ulaya na Asia na kukimbilia Afrika wakati wa baridi hupatikana huku hasa kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Katika kuchagua mahali, orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, ni mwanzo mzuri, kwa kuwa ina maeneo zaidi ya 2,400 duniani na hueleza kwa nini kila eneo limeorodheshwa. Hata hivyo, orodha hiyo haikutungwa kwa ajili ya watalii. Maeneo mengi yaliyomo hayana lango, njia wala mwongozaji, na katika baadhi yake watu huvua, huchunga na kulima kama walivyofanya siku zote. Huko mgeni hupita kwa ruhusa na adabu, si kwa tiketi.

Asubuhi na mapema ndiyo saa ya ziwa, na sababu si ndege pekee. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupaa, na upepo kutoka ziwani huingia kuijaza nafasi hiyo. Ndiyo maana ziwa kubwa lililokuwa shwari saa moja asubuhi huweza kuchafuka kufikia saa nane mchana, na katika ziwa lenye kina kifupi mawimbi huwa mafupi, ya wima na yenye kufuatana upesi, ambayo ni mabaya kwa mtumbwi kuliko mawimbi marefu. Safari ya mashua ianze alfajiri na iishe kabla ya adhuhuri. Anayetaka kupiga picha au kutumia darubini achague upande ambao jua litakuwa mgongoni mwake, kwani ndege anayetazamwa dhidi ya mwanga huonekana kama kivuli tu. Darubini yenye alama ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, huwafaa wengi: inayokuza zaidi hutikisika mno mkononi, hasa ndani ya mtumbwi.

Jaketi la kujiokolea huvaliwa kabla ya kupanda mashua, halikaliwi wala halihifadhiwi chini ya kiti. Kulipima ni jambo la nusu dakika: vaa, funga vifungo vyote, kisha mwenzako akushike mabegani mwa jaketi na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda hadi kidevuni au masikioni ni kubwa mno, nawe ukianguka majini litakuponyoka au litakuziba uso. Kwa watoto jambo hili ni muhimu zaidi, maana mara nyingi huvalishwa jaketi la mtu mzima kwa sababu hakuna jingine. Ikiwa hivyo ndivyo, mtoto abaki nchi kavu. Anayeanguka katika maji ya baridi, hasa yaliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, hupumua kwa kushtuka bila hiari yake katika dakika za mwanzo. Asihangaike kuogelea, alale chali, aelee mpaka pumzi itulie, kisha ashike mashua. Ufuko unaoonekana karibu huwa mbali kuliko macho yanavyosema.

Radi nayo ina kipimo chake. Sauti husafiri kilomita 1 kwa takriban sekunde 3, kwa hiyo ngurumo ikisikika kabla ya kuhesabu 30 tangu umeme ulipomulika, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na umekwisha kuchelewa kidogo kutoka majini. Toka, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ukingo wa maji unastahili tahadhari kubwa kuliko wageni wengi wanavyodhani. Matete na mafunjo mara nyingine hayakusimama juu ya ardhi, bali juu ya zulia la mizizi linaloelea, ambalo hubeba ndege na kumzamisha mtu. Pale pasipo na njia ya mbao, tangulia na fimbo, ipige chini mbele ya kila hatua, na urudi ulikotoka mara fimbo inapozama bila kukutana na kitu kigumu. Mguu ukikwama katika tope usiuvute kwa pupa, kwa sababu kadiri unavyouvuta ndivyo ule mwingine unavyozama. Egemea nyuma au kaa kabisa ili uzito wako usambae, uchezeshe mguu taratibu mpaka maji yaingie kandokando yake, kisha uutoe polepole. Gambuti ikibaki, ibaki.

Penye mamba, usisimame wala kuchutama ukingoni, na usichote maji mahali palepale kila siku. Penye viboko, kumbuka kwamba hutoka usiku kula majani na hurudi majini alfajiri, wakati uleule ambao mtembezi anataka kuwahi. Asimame popote ila kati ya kiboko na maji, na asipite katika njia zao zilizochimbika kandokando ya matete kabla hapajapambazuka vizuri. Hapa mwongozaji wa eneo hilo si anasa.

Kwa afya, hatari nyingine hazionekani. Katika maeneo yenye kichocho, vimelea hutoka kwa konokono wa maji yasiyo na chumvi, huelea majini, na huingia kupitia ngozi ya anayeoga au kukanyaga maji kwa dakika chache tu. Huwa wengi zaidi mchana kati ya jua kali, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Aliyegusa maji hayo apimwe baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama hajisikii kuumwa, kwani ugonjwa huo una dawa. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika yaepukwe kabisa, na mbwa asiyanywe: utando huo huweza kuwa wa bakteria wanaotoa sumu, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Mbu wanaoeneza malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, kwa hiyo nguo za mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu ziwe tayari kabla jua halijazama.

Kutazama ndege vizuri ni kazi ya kusoma dalili ndogo. Ndege aliyekuwa akila akiinua kichwa na kukituliza, au kundi zima likianza kutembea likielekea upande mmoja, tayari umekaribia kupita kiasi ingawa hakuna aliyeruka. Simama, rudi hatua chache, na usubiri warudie kula. Anayesubiri mpaka ndege waruke amewagharimu nguvu ambazo wahamaji huzihitaji kwa safari, na wakati wa kuatamia amewaacha wazi makinda na mayai katika jua linaloweza kuyaharibu kwa muda mfupi. Kuwachezea sauti za ndege kutoka kwenye simu ili wajitokeze, kuwarushia mkate, na kurusha droni juu ya makundi ni mambo ambayo hifadhi nyingi zimeyakataza, na mimi naona zimechelewa kuyakataza.

Kabla ya kwenda katika ziwa jingine kuna kazi ambayo wachache huifanya. Gugu maji, lililotoka Amerika Kusini, huweza kuongezeka maradufu kwa wiki 2 hivi, na kipande kimoja chenye uhai kilichonasa kwenye nanga kinatosha kulianzisha. Kome wenye milia walioingia katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini katika miaka ya 1980 walienea baadaye kutoka ziwa hadi ziwa wakiwa wameshikilia mashua zinazokokotwa na magari. Fungua kizibo cha mashua umwage maji yote hapohapo, kagua nyavu, kamba na nyayo za viatu, toa kila jani na tope, kisha uvianike vyote mpaka vikauke kabisa. Asiye na muda wa kuvikausha avilowanishe katika maji ya moto ya nyuzi 45 kwa dakika 15.