Kuchora sura kwa nta kama mafundi wa Fayum

Picha za Fayum, Misri, zilichorwa kati ya karne ya 1 na ya 3 na kufungiwa ndani ya sanda, juu ya uso wa maiti aliyekaushwa. Zimebaki 900 hivi. Nimemwelekeza mwanafunzi mmoja kuchora kwa nta ya moto kama mafundi hao, akakwama panapowakwamisha wengi: joto.

1. Tafuta ubao mkavu wa milimita 10. Mkuyu unafaa, hata wao waliutumia. Upake gundi ya ngozi iliyochanganywa na rangi nyeusi. Rangi za plastiki usizisogelee kabisa, nta haizishiki.

2. Chora sura kwa chaki.

3. Yeyusha nta ya nyuki, siyo ya mishumaa ya dukani. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini kazi inataka 80 hadi 90. Changanya kila rangi na nta kwenye kikopo chake, weka vikopo vyote ndani ya sufuria pana yenye maji ya moto, na tone la maji lisiingie vikoponi. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto: ikipita kiasi hutoa moshi unaowasha koo, na inaweza kushika moto. Ikiwaka, funika kwa mfuniko. Ukimwagia maji utaulipua. Fungua madirisha. Sasa, hata nta ikiwa sawa, itaganda brashi ikiwa bado njiani. Dawa yake ni kuupasha ubao wenyewe mpaka uwe vuguvugu, na kutumia brashi za manyoya halisi, moja kwa kila rangi. Za nailoni hupinda kwa joto. Ikiganda, usiisugue. Pitisha kijiko cha chuma kilichopashwa moto, tabaka jipya lishikane na la chini. Mashine ya kukaushia nywele siipendi, hupeperusha nta na kuharibu ukingo wa uso.

4. Nyeupe, manjano, nyekundu na nyeusi zinatosha kwa ngozi. Nyeupe yao ilikuwa ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Chukua ya titani. Anza na giza, panda kuelekea mwanga. Nguo na nywele ni kazi ya brashi, ila shavu lisukume kwa kisu butu nta ikiwa laini, ukifuata mviringo wake. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayoifanya ngozi ionekane hai, kwa hiyo usiilainishe.

5. Macho mwisho: nukta moja nyeupe kila jicho, upande ule ule wa mwanga.

Iache ipoe hadi kesho yake, kisha ing'arishe kwa kitambaa cha pamba.