Mbwa au paka wako anaumwa? Anza na ufizi

Mbwa wangu Simba alikuwa akisikia sufuria inagongwa tu, tayari yuko mlangoni. Jumatatu moja hakuja. Nilimkuta chini ya mwembe, akanitazama, akapiga mkia mara moja kwenye vumbi, basi. Nikajiambia ni joto la Morogoro hili. Alhamisi akatoka damu puani, na nilipomfunua mdomo ufizi ulikuwa umepauka mpaka hauutofautishi na meno. Ulikuwa ugonjwa wa kupe. Ijumaa hakuiona. Dalili alinionyesha tangu Jumatatu, mimi sikujua pa kutazama. Ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1: Mjue akiwa mzima. Fanya leo, asipokuwa na shida yoyote. Anakula kiasi gani, anakojoa mara ngapi, ufizi wake una rangi gani. Usipojua uzima wake, ugonjwa utaukuta umeshakomaa.

Hatua ya 2: Tazama ufizi. Nyanyua mdomo wa juu pembeni. Ufizi mzima ni wa waridi na una unyevu. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ukiwa mweupe bila kubonyezwa, damu imepungua: huenda ni kupe, minyoo, au anavuja damu ndani kwa ndani. Wa njano ni ini au damu inayovunjika mwilini. Wa bluu, hewa haimtoshi. Rangi hizi tatu hazingoji kesho.

Hatua ya 3: Pumzi na joto. Akiwa amelala, hesabu mbavu zinavyopanda kwa dakika nzima. Zikizidi 30 kila ukihesabu, kuna tatizo. Mbwa aliyetoka kukimbia atahema, ni kawaida yake. Paka anayehema mdomo wazi mpeleke kwa daktari. Na tuache kupima homa kwa kushika pua, kwa sababu pua kavu haisemi chochote. Kipake kipimajoto mafuta ya mgando, kiingize taratibu njia ya haja kubwa. Kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, ikifika 40, ondoka naye.

Hatua ya 4: Kinachoingia na kinachotoka. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa akitapika, akagoma kula na kuharisha damu yenye harufu kali, fikiria parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Inaua ndani ya siku chache, na kinachommaliza zaidi ni kukaukiwa maji. Vuta ngozi ya mabegani uiachie. Ikichelewa kurudi, maji yameshapungua. Ukiona vipande kama punje za wali kwenye mkia, huyo ni tegu, ana dawa yake.

Hatua ya 5: Paka. Paka huficha maumivu. Utamwona amejikunja chini ya kabati, manyoya yamesimama kwa sababu ameacha kujilamba. Akikaa siku mbili bila kula, hasa mnene, ini lake liko hatarini. Ila la kuogopa zaidi ni paka dume anayechuchumaa kwenye mchanga tena na tena, analia, na hakitoki kitu au linatoka tone. Wengi hudhani amefunga choo. Mkojo umeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Usimguse mdomo mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetiririka mate, taya limelegea au anashindwa kumeza. Watu huingiza mkono wakidhani amekwamwa na mfupa, kumbe ni kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Paka wangu ana homa, nimpe robo ya panadol?*

Marahaba. Usimpe hata chembe, mwanangu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia, uso unavimba. Kama umeshampa, mpeleke sasa hivi na pakiti yake.

*Kaka, huku kwetu daktari yuko mbali. Nifanyeje?*

Mpigie afisa mifugo wa kata. Kabla ya kupiga, andika joto, pumzi, rangi ya ufizi na siku alipoanza, na umrekodi kwa simu akitembea. Ukisema tu "amepooza" hatakuwa na pa kuanzia. Ukimpa namba atajua kama aje yeye au umlete.

*Dawa ya kuogeshea ng'ombe naweza kumwogeshea mbwa kwa ajili ya kupe?*

Usijipimie mwenyewe. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, naye atailamba. Kwa paka usijaribu kabisa. Dawa nyingi za kupe, hata za mbwa, zina pemethrini, nayo humtia degedege na kumuua.

*Mwalimu, nimetoka kumwangalia wa kwangu sasa hivi. Ufizi wake wote ni mweusi wa kuzaliwa. Nitajuaje?*

Umeuliza vizuri, dada. Vuta taratibu kope ya chini ya jicho, utazame nyama ya ndani. Hapo hata mbwa mweusi tii ana waridi.