Kupima refleksi ya goti kwa vifaa, hatua kwa hatua

Wengi tulifundishwa kugonga goti, kutazama mguu unavyoruka, kisha kuandika alama kati ya 0 na 4. Shida huja mwezi mmoja baadaye, mwenzako anapoandika 3 pale ulipoandika 2. Mgonjwa kabadilika, au kilichobadilika ni mkono ulioshika nyundo?

Utahitaji nyundo yenye kihisi cha nguvu kichwani, jairoskopu (kihisi kinachopima mguu unavyozunguka) ya kufunga kwenye muundi wa mguu, na kifaa cha kurekodi umeme wa msuli.

Hatua ya 1. Mketishe mgonjwa juu, miguu ining'inie bila kugusa sakafu, mikono ilale mapajani. Mpige soga kidogo. Paja lililokazwa litakuharibia kila kitu.

Hatua ya 2. Safisha ngozi kwa spiriti. Bandika elektrodi mbili (vibandiko vya kunasa umeme wa msuli) kwenye msuli wa mbele ya paja, umbali wa sentimita 2, zikifuata uelekeo wa nyuzi za msuli. Ya tatu, ya ardhi, iweke penye mfupa karibu na kifundo cha mguu. Nyaya nazo zibanwe kwa plasta.

Hatua ya 3. Nyundo na msuli visomwe kwa kufuata saa ile ile ya kifaa, angalau vipimo 2,000 kwa sekunde. Kwa mtu mzima, msuli huanza kuitika takriban milisekunde 20 baada ya pigo. Kihisi cha simu kinachosoma mara 100 kwa sekunde kina pengo la milisekunde 10 kati ya kipimo na kipimo: pembe ya mguu kitakupa, muda wa kuitika sahau.

Hatua ya 4. Papasa kano chini ya pia ya goti, weka alama kwa kalamu, ugonge hapo hapo. Piga mara kumi au zaidi, ukipumzika kama sekunde 10, na mgonjwa asiweze kubahatisha pigo linalofuata. Usijitahidi kulinganisha mapigo. Mengine yawe mepesi, mengine mazito, kwa makusudi. Pigo lililokuta msuli umeshakaza, litupe. Kama hakuna mwitikio, mwambie afungamanishe vidole vya mikono na kuvuta, ugonge akiwa anavuta. Andika kwamba ulifanya hivyo, maana mbinu hiyo hukuza mwitikio.

Hatua ya 5. Chora nguvu ya pigo kwenye mstari wa chini na ukubwa wa mwitikio kwenye mstari wa wima. Hapa ndipo faida ilipo. Utaona pigo lipi liliamsha msuli kwa mara ya kwanza, na mwitikio unapanda kwa kasi gani nguvu ikiongezeka. Mguu ulioruka sana kwa pigo zito hausemi mengi; ulioruka vilevile kwa pigo jepesi unasema. Linganisha kulia na kushoto kwanza, kabla ya kumlinganisha na watu wengine, kwani hata urefu wa mtu hurefusha muda wa kuitika. Muda uliorefuka pamoja na mwitikio mdogo hunielekeza kwenye neva za pembeni (zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo) au mizizi yake kiunoni. Mwitikio mkali kwa pigo jepesi hunifanya nitazame ubongo na uti wa mgongo.

Niliwahi kupata milisekunde 4 nikadhani nimevumbua jambo. Ishara haiwezi kufika kwenye uti wa mgongo na kurudi kwa muda huo. Ulikuwa waya uliotikiswa na pigo. Plasta ilikuwa imebanduka.