Kumfundisha kijana kununua mahamri, kuanzia mwisho

Wazazi wengi wanaokuja darasani kwangu hapa Lamu husema, "Mwalimu, nataka mwanangu ajue kusoma." Kijana ana ulemavu wa akili, ndevu zaanza kumtoka, na dukani hajawahi kutumwa. Mimi humuuliza mama: ni kazi gani ya asubuhi ungependa akuondolee? Jibu lake ndilo ninaloandika kwenye IEP, ule mpango wa mwanafunzi mmoja.

Tuseme amejibu, mahamri. Kabla ya kufundisha chochote, mtazame kijana akijaribu na uandike anachoweza. Nina mwanafunzi asiyetambua namba 2, lakini mwonyeshe punda yeyote wa mtaani kwao atakutajia ni wa nani. Jicho kama hilo lina faida, tutalihitaji kwenye sarafu.

Lengo liandike hivi: "Atanunua mahamri mawili kwa shilingi 20, bila kusaidiwa, mara 4 kati ya 5, kabla muhula kwisha." Ukiandika "ataimarika katika hesabu", mwisho wa muhula mtabishana tu.

Sasa ivunje kazi: kuchukua kikapu na pesa, kwenda, kusalimia, kuonyesha kadi ya picha, kulipa, kupokea, kurudi, kumkabidhi mama. Fundisha ukianzia mwisho. Mwanzoni fanyeni yote pamoja, yeye umwachie kumkabidhi mama peke yake. Akizoea, mwachie na kurudi nyumbani, kisha kupokea, hivyo hivyo mpaka kwenye kikapu. Kila safari anaimaliza mwenyewe, na mahamri anayala.

Tumia pesa za kweli. Sarafu zilizotolewa 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, faru 5, simba 10, tembo 20. Anza na tembo peke yake. Za zamani zenye sura za marais bado zapita mikononi, lakini zisubiri.

Akikwama, nyamaza kwanza. Hapo ndipo sisi walimu hushindwa, midomo hutuwasha. Asipoendelea, onyesha kwa kidole. Kisha neno moja. Kumshika mkono ni mwisho kabisa. Andika daftarini alihitaji msaada gani. Hatua isiposogea wiki mbili, ni kubwa mno kwake, ivunje tena.

Mwenye duka naye umwendee mapema, maana kwa huruma atamtolea sarafu kiganjani. "Sabalkheri mzee wangu, nakuomba umngoje atoe mwenyewe, hata kama foleni itanung'unika." Mimi sijakataliwa bado, ingawa foleni kweli hunung'unika.

Ramadhani inapokaribia, jipange mapema. Biashara ya mahamri ya asubuhi itasimama, na kijana aliyezoea ratiba huweza kuchafukwa vibaya. Siku chache kabla, mwonyeshe kadi mpya yenye picha ya kaimati, na safari ya dukani uihamishie alasiri. Hatua zibaki zile zile, na tembo yule yule.