Senta anapohamia kwenye maikrofoni: namna ya kuwa mchambuzi wa mpira wa kikapu

Senta, yule mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu, huingia kwenye utangazaji na mtaji mzuri. Miaka yote ya uchezaji amesimama nyuma ya ulinzi, uwanja mzima uko mbele ya macho yake, na sauti haimkauki: "Skrini kushoto! Badilishaneni! Nipo nyuma yako!" (Skrini ni mchezaji anayesimama njiani ili kumzuia mlinzi.) Hiyo tayari ni nusu ya kazi. Nusu inayobaki ndiyo ngumu. Uwanjani alikuwa akiwaambia watu wanne wanaoujua mfumo vizuri kama yeye. Sasa anazungumza na mtu aliyekaa sebuleni, ambaye ameona mpira ukiingia kikapuni lakini hajui mlinzi ameachwaje. Mchambuzi analipwa kumweleza mtu huyo sababu, kwa maneno machache, kabla mchezo haujasonga mbele.

Anza ukiwa bado unacheza

Mwili wa senta hauna subira. Miguu ilimtesa senta Bill Walton muda mwingi wa uchezaji wake, na senta mwenzake Brad Daugherty alilazimika kuacha kucheza kwa sababu ya mgongo kabla hajafikisha miaka 30. Usisubiri daktari akuamulie. Shaquille O'Neal alipitia mafunzo ya utangazaji yanayoandaliwa na chama cha wachezaji wa NBA, ligi kuu ya Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 2009, akiwa bado mchezaji. Alipostaafu mwaka 2011, mwaka huohuo alijiunga na kituo cha televisheni cha TNT.

Katika misimu yako miwili ya mwisho, kubali kila mahojiano ya redio baada ya mechi, hasa mkifungwa, maana hapo ndipo utakapojifunza kueleza kosa bila kujitetea. Omba pia ukae kimya nyuma ya watangazaji siku ambayo umeumia na huchezi. Angalia nani anampa nani ishara ya mkono, na lini.

Kiti cha kuanzia ni cha mchambuzi, pembeni ya mtangazaji anayeusimulia mchezo. Studio inafaa pia. Usimulizi wenyewe ni fani inayokomaa kwa miaka mingi, usiukimbilie.

Sekunde nane

Kikapu kikishafungwa, timu inayoanzisha mpira ina sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja, iwe kwa kanuni za FIBA (shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu) au za NBA. Hizo ndizo zako. Mpira ukivuka mstari wa kati, msimuliaji anarudi kazini na wewe unanyamaza, hata kama sentensi imebaki nusu. Kwa mwendo wa kawaida wa kuzungumza, muda huo unatosha maneno 12 hadi 15. Ukitaka kueleza jambo refu zaidi, lihifadhi hadi mitupo huru au muda wa mapumziko.

Linganisha kauli mbili kuhusu kikapu kilekile. Ya kwanza: "Safi sana, amefunga kwa ustadi mkubwa, kijana huyu ana kipaji cha ajabu." Mtazamaji hajapata kitu, kwa kuwa yote hayo ameshayaona mwenyewe. Ya pili: "Senta amebaki ndani kulinda pete, kwa hiyo mrushaji kapata nafasi juu ya skrini." Maneno 13, na sababu imejulikana. Ukiwa mzuri zaidi, safari inayofuata unatangulia: "Senta sasa anapanda juu. Tazama kona ya kulia, itabaki wazi." Mpira ukienda kweli kwenye kona hiyo, umemfundisha mtazamaji kuutazama mchezo.

Mazoezi yake ni haya. Chukua mechi iliyorekodiwa, zima sauti, washa kinasa sauti cha simu, kisha ichambue robo moja nzima bila kusimamisha. Sikiliza ulichorekodi ukiwa na kalamu mkononi. Weka alama kila mahali uliposema kitu kilichokuwa kinaonekana tayari, kila mahali ulipopitiliza mstari wa kati, na kila neno ulilolirudia kwa mazoea ("kiukweli", "unajua", "kwa kweli"). Rudia robo ileile siku inayofuata. Alama zisipopungua, tatizo mara nyingi si ulimi: unafuata mpira kwa macho. Mwache msimuliaji afuate mpira, wewe tazama wachezaji wawili walio mbali nao zaidi. Ulinzi huanza kuvunjika upande huo.

Marudio yana sheria zake. Picha hukaa sekunde chache tu, kwa hiyo neno la kwanza limwelekeze mtu pa kutazama: "Angalia mguu wa kushoto wa mlinzi." Kisha sababu, kisha kimya. Usiendelee kuzungumzia picha ambayo imeshaondoka. Mtazamaji anaona mtupo huru na wewe bado uko kwenye skrini ya dakika iliyopita.

Sauti na sikio

Maikrofoni ya kwenye kichwa ikae pembeni mwa mdomo, umbali wa vidole viwili, isiwe mbele ya pumzi. Ikikaa mbele, kila herufi "p" na "b" italipuka masikioni mwa watu. Masenta wengi wana sauti nzito ambayo huzama kwenye kelele za mashabiki, na kosa lao ni kuongeza nguvu. Koo linachoka kufikia robo ya tatu. Kinachosaidia ni kutamka konsonanti kwa ukali na kupandisha sauti kidogo mwanzoni mwa sentensi.

Sikioni utakuwa unamsikia mtayarishaji wakati wewe mwenyewe unazungumza: "Marudio, kamera ya nyuma ya pete, sekunde tano." Mwanzoni wengi hukatika katikati ya neno. Fanya mazoezi ya kusoma gazeti kwa sauti huku taarifa ya habari ikisikika katika sikio moja, dakika 10 kila siku, hadi uweze kusoma bila kusita na bado useme umesikia nini.

Walton aliishi na kigugumizi hadi alipofika miaka 28. Mtangazaji mkongwe Marty Glickman ndiye aliyemsaidia, na baadaye Walton alitangaza kwa miongo kadhaa. Anayesema "mimi si mtu wa maneno" asiikate njia yake mapema.

Karatasi moja

Andaa karatasi moja kubwa ya A3 kwa kila mechi, nusu kwa kila timu. Namba ya jezi iandikwe kubwa kuliko vyote, kisha jina kama linavyotamkwa na mwenyewe. Nenda mazoezi ya asubuhi ukamuulize, usibahatishe. Chini yake weka wastani wa pointi na ribaundi (mipira anayoidaka baada ya mrusho kukosa), na jambo moja tu la kimchezo: akizuiwa kulia anafanya nini? Ili kulijaza hilo tazama mechi tatu za mwisho za kila timu. Sehemu kubwa ya karatasi haitatumika usiku huo, na ni sawa.

Kanuni zisome upya hata kama umezicheza miaka 15. Kwa FIBA, mpira wa mrusho ukishagusa pete, mchezaji yeyote anaweza kuugusa; kwa NBA haugusiki ukiwa bado juu ya pete. NBA ina sekunde tatu za mlinzi, FIBA haina. Mambo haya hutokea chini ya kikapu, na watazamaji watakugeukia wewe, senta, uwaeleze.

Panapoharibika

Kosa linalowapoteza wengi ni kusema "sisi" kwa timu ya zamani. La pili ni "enzi zetu", hasa unapoona senta akirusha pointi tatu. Mchezo umebadilika, eleza kwa nini kocha anamtaka mtu mrefu nje ya mstari: anamvuta mlinzi wa pete atoke kwenye pete.

Kumkosoa rafiki kuna njia yake. Taja kitendo, usitaje tabia. "Amechelewa hatua moja kuzunguka" ni uchambuzi. "Ni mvivu" ni tusi, na kesho asubuhi hatakujibu ukimuuliza chochote.

Urefu wako nao utaleta kazi. Waambie mapema watu wa studio ili kiti chako kishushwe na kamera ipangwe, na unapohoji ukiwa umesimama, panua miguu badala ya kuinamisha mgongo.

Kwa sampuli ya kutuma kwenye vituo, dakika tatu hadi tano zinatosha. Sekunde 30 za kwanza ziwe za marudio uliyoyaeleza vizuri kuliko yote, na usiweke video za wewe ukitumbukiza mipira kikapuni. Mkuu wa kituo anajua ulikuwa unacheza. Anataka kusikia kama mtu asiyekujua angeacha rimoti mezani.