Kumtafuta ndugu mliyepotezana aliye nchi ya nje: anza na sheria ya nchi, si na jina

Kazi yangu ni kuwatafutia watu ndugu waliopotezana nao baada ya uhamiaji, vita, ndoa au ugomvi wa zamani. Anayenijia huwa tayari amelichapa jina la nduguye kwenye intaneti mpaka amechoka. Swali langu la kwanza kwake ni hili: mara ya mwisho kupata habari zake, alikuwa nchi gani? Kila serikali huandika watu wake kwa namna yake, na mlango wa kubisha hodi unautambua ukishajua nchi hiyo inaandika nini, na inaruhusu nani asome.

Hatua ya 1: Andika kila unachokijua

Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa, majina ya wazazi, mwenza, kazi, anwani ya zamani, mwaka wa mawasiliano ya mwisho. Tarehe ya kuzaliwa ina thamani kuliko picha kumi, maana ndiyo inayowatenganisha watu wa jina moja. Kama huijui, waulize wazee wa ukoo, au tafuta cheti cha ubatizo, cha shule au cha ndoa.

Jina nalo lataka subira. Wahungari, Wachina, Wajapani na Wakorea hutanguliza jina la ukoo. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Waaislandi wengi hawana jina la ukoo kabisa. Wanajitambulisha kwa jina la baba au la mama. Majina yaliyotoka katika maandishi ya Kiarabu au ya Kirusi huandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna nyingi: Mohamed, Muhammad, Mohammad. Ziorodheshe zote, pamoja na jina ambalo mwanamke huenda alilichukua alipoolewa. Niliwahi kupoteza miezi minne nikimtafuta bwana mmoja kwa jina lake la mwisho, la upande wa mama, ilhali kila ofisi ilikuwa imemwandika kwa la baba. Dada yake alikuwa mgonjwa, na miezi ile haikurudi.

Hatua ya 2: Jua nchi hiyo ina daftari la wakazi au haina

Hapa ndipo njia inapogawanyika.

Ujerumani, anayehamia nyumba mpya hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya mji ndani ya wiki 2. Ofisi hiyo, Einwohnermeldeamt, hupokea maombi kutoka kwa mtu yeyote kwa ada ndogo. Unataja jina na jambo jingine la kumtambulisha, mfano tarehe ya kuzaliwa au anwani ya zamani. Maelezo yako yakimwangukia mtu mmoja tu, unapewa anwani yake ya sasa, au unaambiwa kwamba amefariki. Yakiwaangukia wawili, hupewi kitu. Ndiyo sababu nimeing'ang'ania tarehe ya kuzaliwa.

Sweden, daftari la wakazi liko mikononi mwa mamlaka ya kodi, Skatteverket, na uwazi wa nyaraka za serikali ni utamaduni ulioanzia kwenye sheria ya mwaka 1766. Mara nyingi barua fupi yenye maelezo sahihi inatosha.

Uingereza na Marekani hazina daftari la namna hiyo, kwa hiyo utaunganisha vipande. Uingereza, anza na Companies House, ofisi ya serikali inayosajili kampuni: tafuta jina bila malipo, na kama mtu huyo amewahi kuwa mkurugenzi wa kampuni utaona mwezi na mwaka aliozaliwa. Faharasa za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales zinaanzia mwaka 1837. Daftari kamili la wapigakura unaweza kulisoma katika ofisi ya eneo husika chini ya usimamizi, lakini limepangwa kwa mitaa, kwa hiyo lina faida ukiwa na fununu ya alikoishi.

Marekani, kumbukumbu nyingi ziko ngazi ya kaunti: hati za nyumba na ardhi, ndoa, kesi, mirathi. Bila kaunti umesimama njia panda. Zipo tovuti zinazouza anwani za watu. Ninazitumia kupata fununu tu, kwa sababu mara kwa mara huwachanganya baba na mwana wa jina moja.

Hatua ya 3: Angalia vifo mapema

Najua inauma. Lakini nimewaona watu wakimtafuta marehemu miaka mingi, huku watoto wake wakiwa hai mji ule ule. Ufaransa, taasisi ya takwimu, INSEE, inatoa bure faili za waliofariki tangu 1970. England na Wales, kumbukumbu za wosia na mirathi zinapatikana tangu 1858.

Tanzia za magazetini nazisoma kwa makini kuliko nyaraka nyingine zote. Serikali huandika kwamba mtu amekufa. Tanzia hutaja amewaacha akina nani, wanaishi miji gani, na binti kaolewa na nani. Humo hupata majina ya walio hai.

Hatua ya 4: Hakikisha ni yeye

Mbali na jina, mambo mawili yalingane, na yatoke kwenye kumbukumbu mbili ambazo hazikunakiliana. Jina na mji havitoshi.

Kama mlitenganishwa na vita au maafa

Ruka yote hayo, nenda kwa chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu cha nchi uliyopo. Kazi yao ya kuunganisha familia ni bure, na mizizi yake ni ofisi iliyofunguliwa Basel mwaka 1870. Kwa waliopotea chini ya utawala wa Wanazi, waandikie Arolsen Archives huko Ujerumani, wenye nyaraka zinazohusu watu takriban milioni 17.5.

Hatua ya 5: Mwandikie, usimwendee

Ofisi ikikwambia taarifa zimefungwa, simama hapo. Wapo waliofungiwa anwani kwa sababu maisha yao yako hatarini, na aliyewatisha huenda ni ndugu. Sitafuti njia ya pembeni, wala simlipi mtu wa ndani, hata mteja akilia mbele yangu. Jeshi la Wokovu, ambalo limekuwa likitafuta ndugu waliopotezana Uingereza tangu 1885, halitoi anwani mpaka aliyepatikana akubali. Nami nimeifanya kanuni yangu: anwani nikiipata, haiendi kwa mteja, inatumiwa barua.

Barua yenyewe iwe ya nusu ukurasa, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa maana huenda mwenza wake hajui lolote. Usitaje siri, deni wala lawama. Sema wewe ni nani, mara ya mwisho mlionana lini, na namna ya kukujibu. Mwambie wazi kwamba asipotaka kujibu hutamsumbua tena. Kisha tunza ahadi hiyo, na anwani yako ya kupokea barua usiibadilishe. Jibu moja nililipokea baada ya miaka mitatu, limeandikwa kwa penseli, na ndani yake mlikuwa na namba ya simu.