Chagua CAD ukianzia kwenye mashine

Mtu akiniuliza anunue programu gani ya CAD, yaani ya kuchora vipande kwenye kompyuta, namuuliza kwanza anakata nini na kwa mashine gani ya CNC (inayoongozwa na kompyuta). Umbo linaweza kupendeza sana kwenye skrini, lakini halina faida kama CAM, programu inayopanga njia za kisu cha mashine, italipokea likiwa limevunjikavunjika, au kama kila badiliko dogo litakulazimu kupanga upya njia zote za kisu. Kwa hiyo tunaanzia mwisho na kurudi nyuma.

Hatua ya 1: Andika mashine yako ikoje

Ina mihimili (mielekeo ya mwendo) mitatu au mitano? Kontrola, yaani kompyuta inayoiongoza mashine, ni ya aina gani? Inabadilisha visu yenyewe au wewe ndiye unayebadilisha kwa mkono? Kama kazi yako yote ni kukata mabamba bapa, mchoro bapa wa DXF unatosha na huhitaji kuhangaika na maumbo mango (ya pande tatu, 3D).

Hatua ya 2: Hakikisha CAM ina posti ya kontrola yako

Posti ndiyo inayogeuza njia ya kisu kuwa G-code, yaani amri za mashine, ambayo kontrola yako inaielewa, iwe Fanuc, Heidenhain au LinuxCNC. Ikikosekana, au ikitoa G-code unayolazimika kuirekebisha kwa mkono kila mara, maliza tatizo hilo kabla hujagusa suala la CAD. Kisha tazama CAM inasoma faili za aina gani, na uziandike.

Hatua ya 3: Linganisha viini

Kila programu ya maumbo mango ina kiini kinachofanya hesabu za umbo. SolidWorks, Solid Edge, NX na Onshape zote zinatumia Parasolid. Fusion inatumia ShapeManager, kiini kilichotokana na ACIS, na FreeCAD inatumia Open CASCADE. Ukichora kwenye mojawapo ya zile nne za kwanza, na CAM yako inasoma Parasolid, tuma faili ya x_t, ambayo ni ya Parasolid, kwani umbo linatoka likiwa katika lugha ya kiini chake lenyewe. Vinginevyo tumia STEP, faili ya kubadilishana maumbo kati ya programu tofauti. Aina yake ya AP214 inatosha kwa umbo. AP242 inaweza kubeba pia vipimo na tolerensi (tofauti ya kipimo inayoruhusiwa), ilimradi CAM yako ijue kuvisoma. IGES, faili ya zamani ya kazi hiyohiyo, iwe njia ya mwisho kabisa: toleo lake la 5.3 ni la mwaka 1996, na mara nyingi huleta nyuso zilizoachana ambazo itabidi uzishone.

STL, faili inayojenga umbo kwa vipande bapa vya pembetatu, isiwe msingi wa kazi ya usahihi. Chukua tundu la kipenyo cha mm 10 lililogeuzwa kuwa pande bapa 36. Katikati ya kila upande, ukuta unaingia ndani ya duara la kweli kwa takriban mm 0.019. Tundu hilo likiwa la H7, daraja la usahihi wa matundu, tolerensi yake yote ni mm 0.015, yaani faili imekwisha kula zaidi ya nafasi uliyopewa hata kabla kisu hakijazunguka. Tena STL haina kizio cha kipimo ndani yake: faili iliyochorwa kwa milimita ikisomwa kama inchi, kipande kinakuwa kikubwa mara 25.4.

Hatua ya 4: Jaribu kwa kipande kimoja chenye mitego yote

Chora bamba la mm 100 kwa 60 kwa 20. Weka poketi (shimo lenye kitako) yenye kona za nusu kipenyo mm 3.5, ili kisu cha mm 6 kizunguke kwenye kona badala ya kukwama na kutetema. Ongeza tundu la 10 H7, tundu la nyuzi za skrubu ya M6 na chamfa (ukingo uliokatwa mshazari) ya mm 0.5. Lipeleke CAM, kisha kagua: je, ni umbo mango moja? Urefu ni 100 kamili? Tundu linatambuliwa kuwa silinda yenye mhimili wake?

Tazama M6 kwa makini. CAD moja itakupa tundu la mm 5, ambalo ndilo la keekee ya kutangulia tapu, kifaa cha kukata nyuzi. Nyingine itakupa 4.917, na nyingine 6. CAM inayochagua keekee kwa kusoma kipenyo itafuata chochote ilichopewa.

Sasa rudi kwenye CAD, sogeza tundu kwa mm 3, punguza kina cha poketi, kisha tuma tena. Hapa ndipo programu zinapoachana. CAM iliyomo ndani ya CAD, kama ya Fusion au SolidWorks CAM, hukuonyesha kuwa njia zimepitwa na wakati, na unazikokotoa upya. Kwa faili ya STEP iliyotumwa upya, mara nyingi nyuso hupoteza utambulisho na unaanza kuzichagua moja moja. FreeCAD nayo ilisumbua sana kwa kuchanganya majina ya nyuso baada ya marekebisho, toleo 1.0 la Novemba 2024 lilipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Kwa karakana ndogo yenye marekebisho mengi, mimi napendekeza CAD na CAM zikae pamoja.

Hatua ya 5: Pima jinsi inavyohariri umbo la mwenzako

Kazi za wateja huja kama STEP isiyo na historia, yaani bila hatua zilizotumika kuchora umbo. Fungua moja, ziba matundu, futa kona za mviringo, sogeza uso. Utayahitaji haya kila unapoandaa umbo la awamu ya kwanza ya ukataji, kipande kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa. Programu ikishindwa hapa, iache.

Hatua ya 6: Soma leseni

Fusion ya bure kwa matumizi binafsi hukunyima mwendo wa haraka wa G0 (kisu kikihama bila kukata) na ubadilishaji wa visu wa kiotomatiki. Onshape ya bure huweka hati zako hadharani, kwa hiyo mchoro wa mteja aliyekukabidhi kwa siri usiuweke humo.